Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Jinsi Arusha Inavyovuta Waajiri, na Kinachobaki Wakiondoka

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Arusha ilipoteza mwajiri wake mkubwa wa kimataifa na kubakiwa na makao makuu yasiyo na mwenyewe. Serikali ingeweza kuyagawa majengo yale kwa idara zake, yakawa ofisi kama ofisi nyingine. Badala yake, mwaka 1978 iliunda shirika la umma, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC), ikalikabidhi majengo matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro pamoja na kumbi zake, kwa kazi ya kutafuta wapangaji na mikutano. Uamuzi huo ndio ulioipa Arusha sura yake ya leo, na unastahili kuchambuliwa na kila anayetaka ajira mpya ziingie katika jiji hili. Hoja yangu ni kwamba Arusha imevuta waajiri kila ilipotayarisha kitu mahususi kabla mgeni hajabisha hodi. Imezipoteza ajira hizo kila iliposahau kuwatayarisha wenyeji watakaobaki na ujuzi, zabuni na soko siku mgeni akifunga virago.

Tuanze na ushindi mkubwa kuliko yote. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na Februari 1995, kwa azimio namba 977, likaamua makao yake yawe Arusha. Kigali nayo ilifikiriwa, lakini mji uliokuwa umetoka tu katika mauaji haukuwa na majengo ya kutosha, na haki ilihitaji uwanja usioelemea upande. Arusha ilikuwa na utulivu, ilikuwa karibu na Rwanda, na zaidi ya yote ilikuwa na ofisi na kumbi zilizosimama tayari. Mwaka uliofuata, sekretarieti ya ushirikiano mpya wa Afrika Mashariki ilianza kazi katika majengo hayohayo, na mkataba wa Jumuiya ukatiwa saini hapa Novemba 1999. Mahakama ya Afrika Mashariki ikafuata mwaka 2001, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikahamia kutoka Addis Ababa mwaka 2007. Mwajiri wa kwanza alimvuta wa pili, kwa sababu kila aliyekuja alikuta wakalimani, nyumba za kupanga, shule, hospitali na mawakala wa safari waliokwisha kuzoea kuhudumia taasisi za namna hiyo.

Sasa tutazame upande wa pili wa hesabu. Katika kilele chake, mahakama ya Rwanda ilikuwa na ajira zipatazo elfu moja. Ilifungwa Desemba 31, 2015. Chombo kilichorithi kazi zake kilihamia Lakilaki, nje kidogo ya jiji, katika majengo yaliyozinduliwa Novemba 2016, kikiwa na watumishi wachache mno kuliko mtangulizi wake. Jumuiya nayo ilikuwa imehamia makao yake mapya mwaka 2012. Kwa hiyo ndani ya miaka isiyofika mitano AICC iliondokewa na wapangaji wake wawili wakubwa. Walioumia zaidi ni wale ambao riziki yao ilitegemea mteja mmoja: mwenye nyumba aliyejenga kwa kodi ya pango ya dola, dereva na mlinzi wa mkataba, duka lililouza kwa watumishi wa taasisi moja. Walionusurika ni wale ambao ujuzi wao uliweza kuuzwa kwingine. Mkalimani aliyekomaa mahakamani hufanya kazi katika mkutano wowote barani, na mpishi aliyezoea kulisha wajumbe mia tano huajirika katika hoteli yoyote. Tofauti hiyo haikupangwa na mtu, na hapo ndipo penye kasoro.

Viwanda vya Arusha vinathibitisha jambo hilohilo. General Tyre ilianza kuzalisha matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ikiwa na hisa nyingi na kampuni ya kigeni ikileta teknolojia. Soko lilipofunguliwa na matairi ya bei nafuu kuingia, mitambo ilikuwa imechakaa, na uzalishaji ukasimama mwaka 2009. Ahadi za kukifufua kiwanda hicho zimetolewa mara nyingi. Linganisha na A to Z, iliyoanza miaka ya 1960 kama kiwanda kidogo cha nguo na kuingia katika vyandarua mwishoni mwa miaka ya 1970. Sumitomo Chemical ya Japani ilipotafuta mtengenezaji Afrika wa chandarua chenye dawa ya kudumu, ilimkuta mtu aliyekwisha kuijua kazi. Uzalishaji ulianza mwaka 2003, na kiwanda kikaja kuajiri watu zaidi ya 7,000, wengi wao wanawake. Sumitomo haikuja kuifundisha Arusha kufuma. Ilikuja na teknolojia ikaiweka juu ya ujuzi uliokuwepo. Na kwa kuwa ujuzi ni wa wenyeji, kiwanda kimeweza kutengeneza pia mavazi na bidhaa za plastiki badala ya kumngoja mnunuzi mmoja wa vyandarua.

Kuna watakaosema kwamba mjadala huu hauna haja, kwa kuwa utalii unatosha. Ni kweli kwamba Arusha ndiyo lango la Serengeti na Ngorongoro, na watalii wa kimataifa waliofika nchini walivuka milioni mbili mwaka 2024. Lakini mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni moja na nusu, na mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipotanda, wakashuka hadi takriban 620,000. Waongoza watalii, wapagazi na wapishi wa safari walikaa nyumbani bila kosa lao. Utalii uendelee kuwa mhimili, lakini mhimili mmoja haubebi paa la jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia wakazi zaidi ya 600,000.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba halmashauri ya jiji haina mamlaka ya kuita mahakama wala kiwanda, kwa kuwa mikataba ya uenyeji huandikwa na serikali kuu na AICC yenyewe iko chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Hoja hii ina ukweli, lakini inatumika vibaya kama kisingizio. Jiji ndilo linalopanga matumizi ya ardhi, linalotoa leseni za biashara na vibali vya ujenzi, na linalotenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ikielekezwa kwa vikundi vinavyoweza kuuza kwa mwajiri mkubwa, kama mafundi, wasindikaji wa mboga za Meru au washonaji wa sare, itazaa wazabuni. Ikitolewa bila kutazama soko, itazaa vibanda vinavyouza kitu kilekile mtaa mzima. Mradi wa maji wa Sh520 bilioni, uliokusudiwa kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku, ulitekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ila mipango ya ardhi ya jiji ndiyo itakayochangia kuamua ni eneo gani la viwanda litanufaika na maji hayo, na ni eneo gani litaachwa limegeuka viwanja vya makazi.

Wapo pia wanaolalamika kwamba taasisi za kimataifa huja na watu wao na kuwaachia wenyeji kazi za ulinzi na usafi. Malalamiko yana msingi, na dawa yake ni kuyaandika masharti mapema. Mgeni anapopewa ardhi au msamaha wa kodi, mwenyeji ana haki ya kutaja kiasi cha manunuzi yatakayofanywa hapa na nafasi za mafunzo kwa vijana wa vyuo vyetu. Chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru kimekuwepo tangu mwaka 2011, na TEMDO, taasisi ya usanifu wa mitambo, tangu mwaka 1980. Ni rasilimali ambayo majiji mengi ya ukubwa huu hayana, na ambayo haipaswi kukosekana katika meza ya mazungumzo.

Uwanja mpya wa watu 30,000 unaojengwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 ndio mtihani unaofuata. Mashindano hudumu wiki chache. Madiwani na wananchi wa Arusha waulize sasa, kabla ya mechi ya kwanza: nani atautumia uwanja huo Jumamosi ya kawaida mwaka 2030, kampuni zipi za hapa zimepata zabuni, na vijana wangapi wamejifunza kazi wanayoweza kuifanya popote. Mwajiri asipimwe kwa idadi ya watu atakaowaajiri siku ya uzinduzi, bali kwa idadi ya watakaoweza kujiajiri au kuajiriwa na wengine siku akiondoka. Baraza la madiwani likikubali kipimo hicho na kukiandika katika kila mkataba linaoushiriki, Arusha haitahitaji kuanza upya kila mgeni anapoaga.