"Ubeberu wa Lugha" Ukisomwa Lubumbashi: Kiingereza Kinachopita Mlango wa Kifaransa

Kitabu cha Robert Phillipson, Linguistic Imperialism, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1992, kimekuwa kama msahafu kwa wale wanaopinga utawala wa Kiingereza katika elimu. Hutajwa katika tasnifu, hutajwa katika semina, na mara nyingi hutajwa na watu waliosoma sura yake moja tu, ile inayohusu Makerere. Tahakiki hii haikusudii kukibomoa. Inakusudia kuuliza jinsi hoja zake zinavyosimama zikiletwa Lubumbashi, mji ambamo Kiingereza hakikuwahi kuwa lugha ya serikali, ambamo mwanafunzi hukikuta kikiwa lugha yake ya tatu au ya nne, na ambamo mwalimu wa Kiingereza hufafanua somo lake kwa Kifaransa.

Kiini cha kitabu kinajulikana. Mwaka 1961, katika Chuo cha Makerere nchini Uganda, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Phillipson anaonyesha kwamba kutokana na mkutano ule na mapokeo yaliouzaa, imani tano ziligeuka kuwa kanuni za kazi: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza chenyewe; kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho; kwamba kuanza mapema ni bora kuliko kuchelewa; kwamba kadiri vipindi vinavyoongezeka ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri; na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza hushuka. Kila moja ya imani hizi anaiita upotofu, kisha anauliza ni nani aliyefaidika nayo. Jibu lake ni kwamba waliofaidika ni wachapishaji wa vitabu, washauri wa kigeni na taasisi zao, wala si mtoto aliyeketi darasani.

Uzito wa hoja hii huonekana mara moja mtu akitazama Tanzania. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kichukue nafasi ya Kiingereza katika shule za sekondari. Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wakitumwa kuchunguza hali ya Kiingereza nchini humo, walikuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Kilichofuata ni mradi uliogharimiwa na Uingereza wa kukitia nguvu Kiingereza kilekile. Hapo Phillipson hahitaji wakili.

Lakini ramani yake ina tundu, nalo liko upande wetu. Kitabu kinatazama nchi zilizotawaliwa na Waingereza, tena kutoka upande wa wale waliokisambaza Kiingereza. Nchi ambamo mkoloni mwingine alifanya kazi ya kukizuia huguswa kwa haraka tu. Katanga ni mojawapo, na kisa chake kingemfaa mwandishi kama angekichungulia.

Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ilipofika ikitokea kusini, Rhodesia. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na mtaji wa Kiingereza ndani yake kupitia kampuni ya Tanganyika Concessions ya Robert Williams, na katika miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya wafanyakazi wake ilitoka Rhodesia ya Kaskazini. Mabwana wengi wa migodini walisema Kiingereza. Pamoja nacho ilitumika ile lugha ya mchanganyiko ya migodi ya kusini ambayo Wazungu wenyewe waliiita kwa jina la kuwatukana Waafrika. Johannes Fabian, katika Language and Colonial Power ya mwaka 1986, ameeleza jinsi Wabelgiji walivyoiona hali hii kuwa hatari ya kisiasa. Vibarua walipoanza kutafutwa Kasai, Maniema na baadaye Ruanda-Urundi badala ya kusini, Kiswahili kilipewa nafasi kuwa lugha ya kazi. Kwa maneno mengine, miongoni mwa sababu zilizofanya Kiswahili kitiwe nguvu katika mji huu ni kuwa kizuizi dhidi ya Kiingereza. Msomaji wa Phillipson anayetoka Dar es Salaam amezoea kukiona Kiswahili kama lugha iliyosimama dhidi ya mkoloni. Huku Lubumbashi mkoloni mmoja alikitumia dhidi ya mkoloni mwingine, na wenyeji wakakichukua na kukifanya chao. Ushahidi wake ni ile historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, ambayo Fabian aliihariri na kuichapisha mwaka 1990.

Hivyo basi, mwanafunzi wa Lubumbashi anapofungua daftari lake la Kiingereza katika shule ya sekondari, tayari ana lugha ya ukoo wake pengine, ana Kiswahili cha mtaani kwa hakika, na ana Kifaransa cha darasani. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Ile kanuni ya Makerere ya kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu haikupata mizizi hapa. Upotofu wa Lubumbashi ni mwingine, na Phillipson hakuupa jina: ni ule wa kufundisha Kiingereza kana kwamba kila mwanafunzi ni Mfaransa.

Mifano itasaidia. Kila mwalimu wa Kiingereza mjini amekutana na sentensi mbili hizi: "My mother, he is sick" na "The table, she is broken". Zote mbili hupigwa mstari mwekundu uleule, na pembeni huandikwa neno lilelile la Kifaransa lenye maana ya kosa. Lakini asili ya makosa haya haifanani hata kidogo. La kwanza linatoka katika Kiswahili, ambamo "yeye" ni mwanamume au mwanamke, wala hakuna anayeona upungufu. La pili haliwezi kutoka katika Kiswahili. Mswahili hana sababu ya kuifanya meza kuwa mwanamke. Limetoka katika Kifaransa, ambamo meza ina jinsia ya kike. Mwanafunzi wa kwanza anahitaji kufundishwa kutofautisha watu ambao lugha yake haiwatofautishi. Wa pili anahitaji kuambiwa aache kuvitofautisha vitu, maana amejifunza kupita kiasi. Dawa moja kwa wote wawili ni sawa na kumpa mwenye homa na mwenye jeraha kidonge kimoja.

Kuna mfano wa hila zaidi. Mwanafunzi akiandika "Peter loves her mother" akikusudia mama yake Peter mwenyewe, mwalimu hudhani kwamba hajui tofauti ya "his" na "her". Anaijua. Ila Kifaransa kimemfundisha kwamba kimilikishi hufuata jinsia ya kitu kinachomilikiwa, si ya mwenye kukimiliki. Kwa kuwa mama ni mwanamke, ameandika "her". Kosa lake lina mantiki kamili. S. Pit Corder alisema mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni dirisha la kuonea anachokijenga akilini, na Larry Selinker mwaka 1972 akaliita jengo hilo lugha ya kati. Haya yanafundishwa katika madarasa ya isimu ya mji huuhuu. Ajabu ni kwamba hayatoki pale na kwenda katika madaftari ya sekondari.

Mifano mingine haikatiki kwa urahisi, na ni vizuri kukiri. "I have twenty years" huhesabiwa siku zote kuwa zao la Kifaransa. Lakini Kiswahili nacho husema "nina miaka ishirini". Lugha zote mbili zinamsukuma mwanafunzi upande mmoja, na ndiyo sababu kosa hili ni gumu kung'oka. Kinyume chake, "I bought book" ni la Mswahili asiye na vijineno kama "a" na "the", wakati "The life is hard" ni la mtu aliyevipata kutoka Kifaransa na kuvitumia mahali Kiingereza kisipovitaka. Tena Kifaransa si adui wakati wote. Wasemaji wengi wa Katanga hutamka "shiku" kwa "siku". Yule aliyekwisha kuizoea "s" mbele ya "i" katika Kifaransa hatatatizwa sana na tofauti ya "see" na "she".

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko yote ni wakati wa kitenzi, kwa sababu hapo Kiswahili kinaweza kuwa msaada na hakuna anayekiita. Makosa ya aina ya "I have seen him yesterday" yameenea mno. Chanzo chake ni Kifaransa cha mazungumzo, ambacho hutumia umbo moja, lenye kitenzi kisaidizi, kwa tendo la jana na kwa tendo lililokamilika hivi punde. Kiswahili sanifu hutenganisha: "nilimwona jana", lakini "nimemwona". Kiswahili cha Lubumbashi hakiitumii sana "-me-", lakini kina njia yake. "Mama alikwenda ku soko" na "Mama alisha kwenda ku soko" si kitu kimoja. Ya pili inasema kwamba tendo limetimia na mama hayupo nyumbani. Huo ni msingi tosha wa kueleza "she went" na "she has gone". Mwalimu ambaye angeanzia "alisha" angeokoa saa nyingi. Badala yake humpeleka mwanafunzi kwanza katika Kifaransa, ambako tofauti hiyo haionekani, kisha humlaumu kwa kutoiona.

Mwanafunzi wa Thailand, nchi ambayo haikutawaliwa na Mzungu yeyote, hufundishwa Kiingereza kutoka katika lugha ambayo kitenzi chake hakibadiliki umbo kwa kufuata wakati. Safari yake ni ndefu, lakini kwa kawaida ni ya njia moja: Kithai hadi Kiingereza, na mwalimu wake anaweza kuandaa somo akijua mwanafunzi anakotoka. Wa Lubumbashi amesimama penye njia panda tatu, na vitabu vya kulinganisha lugha mbili mbili, kwa mtindo ulioanzishwa na Robert Lado mwaka 1957, havimwoni.

Wapo waliomjibu Phillipson kutoka nchi za Kusini. Joseph Bisong, mwaka 1995, alidai kwa niaba ya Wanaijeria kwamba wazazi wanaochagua Kiingereza wanajua wanachokifanya. Suresh Canagarajah, mwaka 1999, alionyesha jinsi walimu na wanafunzi wa Kitamili huko Sri Lanka wanavyokigeuza Kiingereza kifuate haja zao. Hoja ya Bisong ina ukweli wake ukiangalia Kasumbalesa, ambapo dereva wa lori kutoka Tanzania na mfanyabiashara wa Lubumbashi huelewana kwa Kiswahili, kisha wote wawili hutafuta Kiingereza wanapofika dirisha la forodha la Zambia. Tangu Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 11 Julai 2022, mahitaji ya namna hiyo yameingia hata ofisini. Kumwambia kijana wa Kenya au wa Katuba kwamba anatumikia ubeberu kwa kutaka kusoma fomu ni kumdhihaki. Anachostahili kupewa ni somo linalomfikisha, na hapo Phillipson, kwa haki, angekubali: hakusema Kiingereza kisifundishwe.

Inabaki hoja moja ambayo wafundishao Kiswahili hawataipenda. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia na zifundishwe kama somo. Swali ni Kiswahili kipi kitakachoingia. Tangu enzi za misheni kuna kile kiitwacho Kiswahili bora, na sasa kuna Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam. Katika madarasa mengi ya Kiswahili mjini, mwanafunzi asemaye "bantu" hurekebishwa kuwa "watu", asemaye "alisha kufika" hurekebishwa kuwa "amefika", na marekebisho hayo hufanywa bila maelezo, kama vile alichokileta kutoka nyumbani ni uchafu wa kufutwa. Mtu akiirudia ile orodha ya imani tano za Makerere na kuliondoa neno Kiingereza, akaweka mahali pake Kiswahili sanifu, ataona kwamba angalau mbili zinasimama vilevile: kwamba lugha ifundishwe kwa yenyewe tu, na kwamba mwalimu bora ni yule wa pwani. Walter Schicho alipouchambua muundo wa Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1982, alikuta lugha yenye kanuni zake. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huu, alikuwa amekwisha kuieleza mwaka 1968.

Idara ya Kiingereza na wafundishao Kiswahili hapa mjini husahihisha madaftari ya vijana walewale. Katika daftari moja "alisha" imekatwa kwa wino mwekundu; katika lingine "has gone" imekosewa kwa mara ya kumi, na mwalimu wa pili hajawahi kuliona daftari la kwanza.