Malumbano Yasiyojulikana Mwisho Wake

Ushairi wa Kiswahili haukuwa wa kusifu na kuonya tu. Ulikuwa pia baraza la watu wasioafikiana. Mwanzoni mwa karne ya 19, miji ya Mombasa na Lamu ilipohasimiana, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa tungo. Karne moja baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa washairi wa bara na pwani uwanja wa kuulizana na kujibizana. Katika mapokeo hayo mna desturi moja inayofaa kutazamwa kwa makini: mwenye kujibu aghalabu huifuata bahari ya mwenzake, na mara nyingi hushika hata vina vyake.

Desturi hii si pambo. Mtu hawezi kushika vina vya shairi asilolisoma. Hana budi alirudie ubeti kwa ubeti, aone fundo limefungwa wapi, ndipo alifungue. Hivyo sanaa yenyewe ilimlazimisha mshindani kusikia kabla ya kusema. Sikatai kwamba walikuwako waliotukanana kwa mafumbo. Lakini hata kejeli ilipaswa kuonyesha kwamba mwenye kuitoa amelielewa aliloambiwa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, shule zetu zilipokea ngonjera. Jina la marehemu Mathias Mnyampala, ambaye vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, haliachani na sanaa hiyo. Ngonjera ilifanya kazi kubwa: iliupandisha ushairi jukwaani, ikawapa watoto sauti, ikaeneza mafundisho ya Ujamaa na Kujitegemea. Hata hivyo ina upungufu ambao mhakiki hana budi kuusema. Pande zote mbili hutungwa na mkono mmoja, na mara nyingi mmoja wao huingia jukwaani akiwa ameshashindwa. Hubisha beti chache, hufundishwa, hukiri. Hayo ni mafundisho, si malumbano.

Nasema haya nikijishitaki mwenyewe. Huku kwetu Vigwaza, kando ya barabara ya Morogoro na karibu na mto Ruvu, wakulima na wafugaji wamepata kugombea ardhi na maji. Niliwahi kuwatungia wanafunzi ngonjera juu ya ugomvi huo. Katika ubeti wa mwisho mfugaji alitubu, na watazamaji wakapiga makofi. Baadaye kijana mmoja, mwana wa mfugaji, alinijia akasema: "Shikamoo, mzee. Mbona mfugaji wako hakusema kwamba wakati wa kiangazi ng'ombe hana pengine pa kunywa?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa mfugaji kinywa, sikumpa hoja. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Faida ya mshindani mwenye hoja tumeiona katika ushairi wenyewe. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani isiyofungwa na vina na mizani, ubishi ulipamba moto. Pale ubishi ulipoishia katika kuitana majina, hatukuvuna kitu. Lakini M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wakaeleza kwa nini vina na mizani si roho ya shairi, wapenzi wa vina, nami nikiwa mmoja wao, tulilazimika kujiuliza kwa nini tunavishikilia. Wengi wetu tungali tunavishikilia, lakini sasa tunajua sababu.

Ngonjera isifukuzwe shuleni. Ila mwalimu na awape wanafunzi wawili kila mmoja upande wake autunge mwenyewe. Mwenye kujibu ashike vina vya mwenzake, na ubeti wake wa kwanza uitaje hoja ya mwenzake kwa namna ambayo mwenyewe atakiri kuwa ndiyo yake. Mwisho usiandikwe mapema. Huenda wasiafikiane, na mwalimu asiogope hilo. Mkulima na mfugaji watakaokutana kesho penye maji ya Ruvu hawatakuwa na mtunzi wa kuwamalizia ubeti. Watakuwa na masikio waliyofunzwa kuyatumia, au hawatakuwa nayo.