Mgongo wa Mwana wa Mfalme

Kwenye mlango wa kusini, upande wa magharibi wa Kanisa Kuu la Strasbourg, Ufaransa, amesimama kijana wa mawe aliyechongwa mwishoni mwa karne ya 13. Ana taji kichwani na tunda mkononi, anatabasamu, na nguo zimemkaa. Kando yake yupo mmoja wa wanawali wapumbavu wa Injili ya Mathayo, naye anamchekea. Mtu wa namna hiyo akija kuposa, wazee hawataulizia hata ukoo wake.

Sasa msogelee kwa ubavuni, utazame nyuma. Vazi liko wazi mgongoni, na mwilini wamejazana vyura na nyoka, wakipanda kuelekea mabegani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

Mchongaji hakuacha jina, lakini alikuwa mjuzi wa watu kuliko wengi waliomfuata. Ingekuwa rahisi kumpinda mdomo yule kijana, au kumtia jicho la hila, ili mtazamaji ajue mapema. Alikataa. Uso aliuacha uwe mzuri kweli, kwa sababu ndivyo uso wa mtu wa namna hiyo ulivyo. Mtu anayempiga mkewe usiku, asubuhi hukaa safu ya mbele ibadani, hutoa mchango mnono, na sauti yake ni ya upole. Wanaoujua mgongo wake ni wa nyumbani: mke, watoto wanaonyamaza geti likigongwa, msichana wa kazi. Wakisema, huulizwa, "Yule yule tunayemjua sisi?" Karne saba na zaidi zilizopita, fundi huyu alikwenda kusimama upande wao, akachonga kile wanachokiona wao.

Tena alichonga kwa subira ileile aliyoupa uso. Jiwe lenyewe ni la mchanga, jekundu kwa chuma kilichomo ndani yake, na halisamehe: tindo ikiteleza, kipande kimekwenda na hakirudi. Kila chura kati ya wale alihitaji mkono uliotulia, mahali ambapo waumini wengi wangepita bila kupaona.

Mvua na baridi havikulihurumia jiwe hilo. Sanamu ya asili imehamishiwa jumba la makumbusho la Œuvre Notre-Dame, jirani na kanisa, na mlangoni imesimamishwa nakala. Aliyeichonga nakala angeweza kuuacha mgongo mtupu, na wapita njia wasingeuliza. Vyura na nyoka walichongwa upya.