Mkono Mmoja, Tena Polepole

Mfanya mazingaombwe husifiwa kwa wepesi wa mikono. René Lavand wa Argentina, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa nao mmoja tu: ajali ya gari ilimpotezea wa kulia akiwa na miaka 9. Akajifunza karata kwa kushoto.

Katika mchezo wake mashuhuri, karata nyekundu na nyeusi huchanganywa mojamoja, kisha hujitenga kama mafuta na maji. Kila alipourudia alizidi kwenda polepole, na mtazamaji akazidi kupotea. Hakukificha kilema chake, wala hakukiombea huruma. Alifariki mwaka 2015.

Mwaka huohuo Mahdi Gilbert, kijana wa Kanada aliyezaliwa bila viganja na aliyemfanya Lavand kielelezo chake, alicheza karata kwenye televisheni mbele ya wakongwe Penn na Teller, wakashindwa kung'amua mbinu yake. Nakiri, mimi nilimpigia makofi kwa kumwonea huruma. Nilimpunja. Kwa mzee yule kijana hakupata uvumilivu mtupu, alipata usanii. Uvumilivu humfikisha mtu jukwaani. Akishafika, tumpime kwa kazi yake.