Dahlgren Walizidisha Ampea

Video ya Dahlgren, kituo cha majaribio cha Marekani, ya Desemba 10, 2010 mmeiona: mzinga wa reli unaorusha kombora kwa umeme bila baruti hata chembe, na bado mdomoni mwake unalipuka moto wa kutisha. Watu walipiga makofi. Fundi wa kuchomelea wa hapa Gikomba angeshika kichwa. Moto ule ulikuwa alumini ya daraja, kile kipande kinachounganisha reli mbili na kusukuma kombora, na ngozi ya reli zikiteketea.

Karibu miaka mitatu nyuma, Januari 31, 2008, Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa limeshafika megajuli 10.64, kombora likitoka kwa kilomita 2.5 kwa sekunde. Pale ndipo pa kutulia, wapige na kurudia kupiga mpaka reli zizoee. Wao wakapanda hadi megajuli 33 katika jaribio lile la video, na suala la kupiga mfululizo likasubiri awamu ya pili, mwaka 2012. Walianzia mwisho.

Msukumo hukua kwa mraba wa mkondo, na joto la reli vilevile. Zidisha mkondo mara mbili, utapata msukumo mara nne na joto mara nne. Daraja linateleza juu ya reli likipitisha mamilioni ya ampea. Likiachana nazo kwa unene wa unywele tu, umeme unaruka na reli zinachimbika. Anayeunga geti la bati jembamba pale Kamukunji analijua hili kwa ampea mia tu: akizidisha, bati linatoboka, na hakuna mteja anayelipia cheche. Nimelisema mara nyingi na nitalirudia: kupima mzinga kwa ukubwa wa moto wake ni kujidanganya.



Richard Marshall, aliyewatangulia kwenye mizinga ya reli, ndiye aliyekuwa fundi. Canberra, miaka ya 1970, alikuwa na jenereta ya mwanafizikia Mark Oliphant iliyoweza kuhifadhi megajuli 500, lakini akachagua kusukuma plastiki ya gramu 3 kwenye mtutu wa mita 5. Ilitoka kwa karibu kilomita 5.9 kwa sekunde. Wajapani nao wameanza na kidogo: mtutu wa milimita 40, wakahangaikia uhai wa reli mpaka zikavumilia kupigwa zaidi ya mara 100. Oktoba 2023 walitangaza kwamba wameupiga mzinga wao kutoka melini.

Marekani ilisimamisha mradi wake mwaka 2021. Mzinga wao haukuwahi kupigwa baharini hata mara moja.