Mafundo ya Mitumbwi Mitatu

Majengo iko upande wa juu wa Goma, mbali na maji. Sisi wa huku tumezoea kuutazama mlima kuliko ziwa Kivu. Lava ya Nyiragongo ya Mei 2021 ilikuja kukomea Buhene, kwa majirani zetu. Hata hivyo sambaza, samaki wadogo wa ziwani, hutufikia kila asubuhi, kwenye beseni la mama aliyetoka soko la Kituku, ufukoni, na kufikia saa sita harufu yao ya kukaangwa na kitunguu imeshavuka nyua kadhaa. Tunawala na bugali, tunashiba, wala hatuulizi wamevuliwaje. Ufundi ule unastahili kutazamwa bila haraka.

Tuanze na chombo. Mitumbwi mitatu hupangwa sambamba, huachiwa nafasi, kisha huunganishwa kwa miti ya mikaratusi inayolazwa juu yake. Miti mingine mirefu na myembamba hutokeza mbele na nyuma kama papasi za uduvi, na hiyo ndiyo inayobeba wavu. Ukisogea karibu utaona kwamba uzuri wote umo kwenye mafundo. Kila mti unapokutana na mwenzake kamba imezungushwa, ikapishana, ikavutwa, halafu ikapitishwa tena katikati ya miti ili iibane ile mizunguko ya kwanza. Fundo likilegea, mitumbwi inagongana. Likikazwa kupita kiasi, nguvu ya wimbi yote huingia kwenye mti na kuuvunja. Kati ya kulegea na kukaza kuna kipimo ambacho mkono hujifunza kwa miaka.

Jioni wavuvi hupiga kasia kuelekea kilindini, wakiimba ili makasia yaende pamoja. Giza likishika, taa huwashwa na wavu huteremshwa. Zamani zilikuwa taa za mafuta za kushindiliwa hewa. Siku hizi nyingi ni za betri. Basi hapo kazi inakuwa kungoja. Vijidudu vidogo mno vya majini, ambavyo usiku hupanda kutoka chini, hukusanyika kwenye mwanga, na sambaza huja nyuma ya chakula chao. Wavu huinuliwa kwa pamoja, pande zote kwa mwendo mmoja, kwa sababu upande ukitangulia samaki humwagikia upande wa pili. Mwezi mpevu ukiwaka wavuvi hupumzika: mwanga umeenea kila mahali, na taa haina tena cha kumvutia samaki.

Samaki mwenyewe ni mgeni. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Kivu haikuwa na samaki wa kula vijidudu vile katikati ya ziwa. Na ziwa hili, lenye kina cha mita 485 hivi, linamwachia tabaka jembamba tu la juu. Chini yake hakuna oksijeni, kuna gesi ya methani na ya kabonidioksidi zilizoyeyuka majini. Mvuvi wa Kivu anafanya kazi juu ya chumba kimoja cha nyumba kubwa iliyofungwa, na anakijua chumba hicho vizuri.

Ninapowaza ufundi huu hunijia ufundi mwingine, mdogo kiasi cha kukaa kwenye ukucha. Nchini Kenya, ambako samaki wa trauti walipandikizwa katika mito ya milima ya Aberdare mwaka 1905, kuna karakana za mafundi wanaofunga chambo bandia kwa ajili ya wavuvi wa ng'ambo. Mojawapo ya chambo hizo ni uduvi wa maji baridi. Ndoano iliyopinda huvingirishwa waya wa madini ya risasi ili izame, huvikwa manyoya ya sungura, mgongoni hulazwa utepe wa plastiki, kisha waya mwembamba wa shaba huzungushwa kutengeneza pingili. Mwishowe manyoya ya tumboni huchokolewa kwa sindano, yawe miguu. Mvuvi huirusha juu ya mkondo, huiacha iteremke karibu na mawe kwa mwendo uleule wa maji, macho yake yakiwa kwenye uzi. Baadhi ya mafundi huweka doa la rangi ya chungwa mwilini. Huko Ulaya kuna mnyoo anayeishi ndani ya uduvi, akionekana kama doa hilo, na humfanya uduvi aufuate mwanga hadi akaliwa. Aliyeliweka doa lile alikuwa amechunguza tumbo la samaki kwa subira kubwa.

Huyu wa ndoano na yule wa Kituku wanaijua elimu moja: samaki anakula nini, wapi, saa ngapi.

Lakini chandarua cha mbu kinachoburutwa ufukoni hakina elimu hiyo. Watoto wa sambaza hukaa karibu na nchi kavu, na chandarua huwazoa kabla hawajataga hata mara moja. Kwa hiyo, mama zangu na dada zangu wa Majengo, beseni likipita mlangoni angalieni samaki kabla ya bei. Wakiwa wachanga, waacheni. Wanunueni wa taa, waliovuliwa kilindini, na msiwapunguzie sana wauzaji: wavuvi wale hawakulala.