Mkono Kabla ya Jicho

Boksi la darubini ya mwanzo lina porojo nyingi. Juu yake zimechapwa sayari za rangi zilizopigwa picha na vyombo vilivyorushwa angani, na pembeni pameandikwa kwamba darubini yenyewe inakuza mara 500. Namba hiyo ipuuze. Uliza upana wa kioo, maana darubini hukusanya mwanga kwanza, kukuza kunafuata. Kioo cha milimita 130 hakivuki ukuzaji wa mara 260 hivi, tena kwa usiku ambao hewa imetulia, na usiku wa namna hiyo ni wa kubahatisha.

Sifa zangu nyingi, hata hivyo, nazitoa kwa kitako kinachobeba bomba la darubini, na kilicho bora kwangu ni kile cha John Dobson. Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915, alikuwa mtawa wa Vedanta huko San Francisco. Alisugua vioo vya madirisha ya meli mpaka vikabonyea sawasawa, akavifunga ndani ya mabomba ya karatasi ngumu. Chini akaweka sanduku la plaiwudi linalozunguka juu ya vipande vya tefloni. Mwaka 1967 akatolewa kwenye nyumba ya watawa, na mwaka uliofuata likazaliwa kundi lililosimamisha darubini kando ya barabara na kumwita kila mpita njia. Ubunifu wake hakuuwekea hataza. Seremala wa mtaani anaweza kuuiga kesho, na kipimo cha kazi yake ni kimoja: bomba liende kwa msukumo wa kidole, na ukiliacha lisimame palepale.

Kwetu ukanda huu kitako hicho kina faida ya ziada. Stendi ya kiikweta, ile yenye vyuma vya kusawazisha uzito, inataka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota huonekana kupazunguka. Ukiwa Dar es Salaam, ncha ya kusini iko nyuzi 7 hivi tu juu ya upeo wa macho, imezama kwenye ukungu na taa za mji, wala hakuna nyota angavu ya kuionyesha. Stendi nyingi za bei nafuu haziwezi kulala kiasi hicho. Kitako cha Dobson hakina habari na ncha yoyote. Kasoro yake ni utosini: bomba likisimama wima, kulizungusha kushoto au kulia hakulisogezi popote, na sayari zetu hupenda kupita huko huko juu. Basi zivizie kabla hazijapanda, au zikishaanza kuinama.

Kilengeo, yaani kile kidude kidogo cha kulengea kilicho ubavuni mwa bomba, kirekebishwe mchana. Tafuta mnara wa simu ulio mbali, uweke katikati ya picha ya darubini yenyewe, kisha kaza skrubu za kilengeo mpaka nacho kiuone pale pale. Anayeahirisha kazi hii hadi giza liingie ataumia shingo bure. Jua usilielekee kamwe bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo wote wa bomba. Ndani ya jicho huungua bila maumivu. Paa la zege nalo liepuke saa za mwanzo za usiku, kwa kuwa joto lililohifadhiwa mchana linapanda na kuichemsha picha.

Anza na lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 25. Bomba lenye urefu wa fokasi wa milimita 650, urefu huo ukigawanywa kwa 25, linakupa ukuzaji wa mara 26, na mwezi mzima unaenea humo na nafasi inabaki. Usingoje uwe mpevu, maana hapo mwanga unaupiga usoni na kuufuta vivuli. Mwezi wa siku ya saba, kwenye mpaka wa nuru na giza, ndipo milima inaposimama.

Halafu Mshtarii, kwa lenzi ya milimita 10. Miezi yake minne, ile Galileo aliyoiona Januari 1610, imejipanga karibu mstari mmoja. Dunia inazunguka, na kwa dakika tatu hivi sayari imeshavuka uwanja wote wa lenzi. Picha imepinduka, kwa hiyo mkono unajifunza kusukuma kinyume cha jicho linavyotaka. Kukiwa na foleni, mwenye darubini anainama kila baada ya watu wawili watatu, anagusa bomba kidogo, kisha anaita: “Haya mama, karibu. Funga jicho moja, usishike bomba.” Mama analishika. Kila mtu hulishika mara ya kwanza, na Mshtarii inatafutwa upya.